Tamko la Waandishi Wanaojichapishia Vitabu Kuhusu Mali Kauli, Ahadi za Uzinduzi na Nakala za Simu

Sisi, waandishi tunaojichapishia na kujiuzia vitabu vyetu, tuliokutana Dar es Salaam katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wauza vitabu, wachapaji, wahariri wa magazeti na redio, taasisi za umma zinazoshughulika na vitabu, waandaaji wa hafla, na zaidi ya wote kwa wasomaji. Tunalitoa katika wiki ya 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995. Siku hiyo hotuba za kusifu usomaji huwa hazikosekani. Sisi tumekuja na hesabu.

Tunachotaka ni kimoja: anayechukua kitabu akilipe kwa wakati waliokubaliana, awe mwenye duka, awe mgeni rasmi, awe msomaji mwenye simu mkononi. Na kwa kuwa tunadai malipo, tumejiwekea masharti yanayotubana sisi wenyewe, ambayo yametawanyika humu ndani kila yanapohusika.

Si jambo la jana

Bado wapo wanaoamini kuwa anayejichapishia ni mtu aliyekataliwa na wachapishaji. Wapo waliokataliwa, hatubishi, na baadhi yao walikataliwa kwa haki. Lakini biashara hii Afrika Mashariki ina wakubwa wake. David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, mjini Nairobi mwaka 1972, akatoa vitabu ambavyo wachapishaji wenye majina wasingethubutu kuvigusa, vikasomwa na watu waliokuwa hawasogelei duka la vitabu, hadi Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Kuhusu maudhui yake wazee wetu walikuwa na mengi ya kusema. Kuhusu kuuza, hawakuwa na la kumfundisha. Hapa nyumbani Ben Mtobwa, baba wa mpelelezi wa riwayani Joram Kiango, alikuwa na kampuni yake, Heko, na ndiyo iliyotoa Dar es Salaam Usiku. Eric Shigongo alikuwa na magazeti: hadithi ilitoka kipande kwa kipande, msomaji akanunua toleo la wiki inayofuata ili ajue kilichompata mhusika, na kitabu kilipotoka kilikuta soko limeshaiva.

Ukiwatazama watatu hao utaona kila mmoja alimiliki njia ya kumfikia msomaji. Mwanachama wetu wa leo hana kampuni wala gazeti. Ana simu. Anaweka sehemu kumi za mwanzo Facebook bure, anakata pale ambapo mlango unagongwa usiku wa manane, kisha anaandika: kuendelea, lipia elfu moja uingizwe kundini. Wapo wanaoubeza mtindo huu na kusema unashusha hadhi ya fasihi. Chama hakikubaliani nao. Riwaya nyingi zilizoheshimika duniani zilianza kwa vipande vya gazetini, na msomaji anayelipa elfu moja ili ajue nani yuko mlangoni ni msomaji kamili. Tunachowataka wanachama wanaotumia njia hii ni wamalize hadithi walizolipiwa. Kundi lililolipa na kuachwa hewani kwenye sehemu ya 34 linatuharibia sote.

Mali kauli

Kuacha vitabu dukani ili vilipwe vikishauzwa: hapa ndipo penye donda, na hapa tutakaa.

Mwandishi huingia dukani na boksi begani. Mwenye duka, mara nyingi kwa nia njema, humwambia: acha kumi, vikiisha tutakupigia. Hakuna karatasi. Au ipo, ukurasa uliochanwa katikati ya daftari la kaunta, umeandikwa “vitabu 10” na kutiwa sahihi na kijana ambaye baada ya miezi mitatu ameshahamia kazi nyingine. Mwandishi akirudi anaambiwa mhasibu hayupo. Akirudi tena anaambiwa havijaisha, vimebaki viwili. Akiomba avione hivyo viwili, rafuni havipo, vinatafutwa stoo, hebu pita wiki ijayo. Anayeishi Sinza au Mbagala anaweza kuendelea kupita. Aliyekuja navyo kutoka Sumbawanga ameshaviandika kwenye hesabu ya sadaka.

Tuchukulie mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Kitabu cha kurasa 160 kina bei ya jalada ya Sh 15,000. Mwandishi amechapa nakala 500, na kila nakala imemgharimu Sh 5,500 kiwandani. Amemlipa mhariri na msanifu wa jalada jumla ya Sh 700,000, yaani Sh 1,400 kwa nakala. Duka linachukua kamisheni ya asilimia 35, ambayo ni Sh 5,250. Kwa hiyo duka likiuza nakala moja linadaiwa Sh 9,750. Toa uchapaji, toa uhariri na usanifu, toa kama Sh 500 za usafiri: mwandishi anabaki na Sh 2,350, kabla mtoza kodi hajapiga hodi. Hicho ndicho chakula chake kwa kazi ya mwaka au miaka.

Sasa tuseme ameacha nakala 40 katika kila duka kati ya maduka matano, zote zimeuzwa, na hakuna duka lililolipa. Anayadai maduka hayo Sh 1,950,000. Kwa bei ile ile ya kiwandani, fedha hiyo ingechapa nakala 354. Ndiyo maana vitabu vyetu vingi vilivyopendwa havikupata chapa ya pili. Wasomaji wanauliza, maduka yanauliza, na mwandishi hana mtaji kwa sababu mtaji wake umo kwenye droo za maduka hayo hayo yanayouliza.

Hatusemi wauza vitabu ni wezi. Duka la vitabu linalipa pango, umeme na vijana wa kaunta, na kinacholiendesha ni daftari, kalamu na vitabu vya kiada vya Januari. Riwaya ya mtu asiyejulikana inayokaa rafuni miezi sita inakula nafasi ya bidhaa nyingine. Kamisheni ya asilimia 30 hadi 40 hatuipingi; ni stahiki ya anayefungua mlango asubuhi na kumshawishi mteja. Kinachotuua ni fedha iliyokwisha kulipwa na msomaji kukaa mikononi mwa asiye mwenyewe. Na tunajua biashara ya vitabu vya aina yetu inawezekana: Nairobi liko duka la Nuria, lililojijengea jina kwa kuuza hasa kazi za waandishi wanaojichapishia. Halikufanya hivyo kwa huruma. Liliona wateja wapo na wenye vitabu wamekosa pa kuviweka.

Kwa hiyo tunatamka kwamba kuanzia 1 Julai mwanachama wetu hataacha vitabu dukani bila hati ya mali kauli. Chama kimeiandaa, ni ukurasa mmoja. Inaonyesha idadi, bei ya jalada, kamisheni, jina la anayepokea na cheo chake. Inasema hesabu itafanywa kila siku 90 kwa kuangalia vilivyobaki rafuni, na fedha ya vilivyouzwa italipwa ndani ya siku 14 baada ya hapo. Kitabu kilichopotea au kuchafuka kikiwa dukani kinahesabiwa kimeuzwa. Kisichouzika, mwandishi anakifuata mwenyewe kwa gharama zake, na asipokifuata ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa, duka linaweza kukiuza kwa bei litakayoona inafaa na kumpelekea nusu. Sharti hili la mwisho waliliomba wauza vitabu tuliozungumza nao, na tumelikubali, maana wapo waandishi wanaoacha maboksi na kupotea kama wapo wenye maduka wanaopotea.

Baadhi ya wanachama walitaka tutoe majina ya maduka yenye madeni sugu. Mkutano ulikataa. Tutafanya kinyume chake: kila baada ya miezi mitatu tutatangaza orodha ya maduka yaliyofanya hesabu na kulipa kwa wakati, na tutawaelekeza wasomaji wetu huko. Msomaji mwenye akili atajua kusoma orodha, na yaliyomo na yasiyomo.

Bei ya jalada

Jambo hili lilibishaniwa mpaka adhana ya alasiri. Mwandishi akiuza mwenyewe kwa simu hana kamisheni ya kulipa, hivyo hushawishika kushusha bei: dukani 15,000, kwangu 10,000. Mteja anafurahi, na mwandishi bado anapata zaidi kuliko angepata dukani. Lakini mwenye duka akiona tangazo hilo, naye huliona, anajua amegeuzwa ubao wa matangazo: watu wanakuja kukipapasa kitabu kwake kisha wanakwenda kukinunua kwa mwandishi. Huwezi kumdai mtu huyo uaminifu wa siku 90 huku umemtegea mguu.

Tumekubaliana hivi. Bei ya jalada ichapwe nyuma ya kitabu, na mwanachama asiuze chini yake kwa mteja mmoja mmoja kwa miezi sita ya kwanza tangu kitabu kitoke, isipokuwa kwenye maonyesho na uzinduzi. Faida kubwa ya kuuza mwenyewe ibaki kwake. Ndiyo inayofidia yale maduka matano. Anayenunua kumi kwa ajili ya kikundi au shule ni mteja wa jumla, na bei ya jumla ni halali yake.

Kwa wenzetu wa Kenya mjadala huu una kidonda cha ziada. Tangu sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013, vitabu huko vinatozwa asilimia 16. Kampuni kubwa inaweza kuigawanya kodi hiyo katika maelfu ya nakala za vitabu vya shule. Mwandishi mmoja mmoja anaikuta imeshaingia kwenye bei kabla hajaweka yake. Tunaungana na wanaodai iondolewe.

Ahadi za uzinduzi

Uzinduzi umekuwa kipimo cha mafanikio, na hilo tunadhani ni kosa la mahesabu. Ukumbi unalipwa, viti vinavishwa vitambaa, mshereheshaji analipwa, maji na vitafunwa vinalipwa, kitabu cha kwanza kinanadiwa. Hapo mshereheshaji anashika kipaza sauti: mheshimiwa, wewe unachukua ngapi? Mheshimiwa anasimama, anarekebisha koti, anasema anachukua nakala 100 kwa ajili ya vijana wa kwao. Makofi. Shemeji wa mwandishi, aliyewekwa kwenye meza ya pembeni, anaandika kwenye daftari: Mh., 100, ahadi. Anayefuata hawezi kusema kumi baada ya mia, anasema hamsini, naye anaandikwa ahadi. Mwishoni mwa shughuli daftari lina mamilioni na kisanduku kina fedha isiyofika hata gharama ya ukumbi. Kuanzia Jumatatu mwandishi anageuka mdai wa mtu ambaye msaidizi wake hapokei simu.

Wapo wageni rasmi wanaolipa pale pale, na wengine wanaolipa kimya kimya zaidi ya walichotaja. Tunawashukuru. Kwa wengine tunasema kwa heshima zote: usitaje idadi usiyokuja na fedha yake. Nakala tano zilizolipiwa zina faida kwa mwandishi kuliko mia zilizopigiwa makofi, kwa sababu kwa ile mia ataenda kiwandani kuchapa.

Wanachama wasichape hata nakala moja kwa kutegemea ahadi. Daftari la ahadi liondolewe mezani, pabaki vitabu, risiti na bango la lipa namba lenye maandishi makubwa yanayosomeka kutoka kiti cha nyuma. Sahihi ya mwandishi itolewe kwenye kitabu kilicholipiwa. Anayetaka ukumbi wa kifahari ana hiari yake, lakini chama kinaona kwamba jioni moja kwenye maktaba ya mkoa, mwandishi akasoma kurasa tatu na kujibu maswali, huuza vitabu vingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi.

Na kuna ile sauti ya ndugu na marafiki: nipe kimoja basi, wewe si ndiye mwenye navyo? Mwenye duka la mchele hana ndugu wanaojaza mifuko na kuondoka. Mwanachama anaruhusiwa kujibu kwa tabasamu kwamba undugu mzuri ni kuwa mteja wa kwanza.

Nitumie PDF

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi tangu anapoiandika kazi yake, kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haimtaki awe maarufu wala awe na mchapishaji. Anayepiga picha kitabu kizima ukurasa kwa ukurasa na kukirusha kwenye kundi la watu mia kadhaa anavunja sheria hiyo, hata kama hakupokea senti na hata kama aliandika “someni ndugu zangu, elimu haina mwisho”.

Hayo tumeyasema. Sasa tuseme na ya upande wa pili, maana tamko lenye lawama tu halimsaidii mtu. Msomaji wa Tandahimba anayeuliza PDF mara nyingi hajafanya hila. Wilayani kwake hakuna duka linalouza riwaya, na hata akiwa na Sh 15,000 hajui aipeleke wapi. Anaomba kilicho karibu. Polisi hawatakimbiza makundi ya WhatsApp, na sisi hatutaki msomaji wetu akimbizwe. Tunataka afikiwe.

Njia ya kumfikia tunayo, imebaki kupangwa vizuri. Nakala ya karatasi inakwenda kwa basi. Bahasha ya kaki, selotepu pande zote, jina na namba ya simu kwa maka pen, na chini yake mahali pa kuchukulia: Msamvu, Nyegezi, au jina la ofisi ya basi mjini. Mwandishi anaifikisha Mbezi, stendi ya Magufuli, anakatiwa risiti, anaipiga picha na kumtumia mteja pamoja na namba ya basi. Ya Zanzibar inapanda boti. Kesho yake kitabu kimesomwa nusu. Utaratibu huu umejengwa na wauza nguo na vipodozi wa Kariakoo, na haujawahi kungoja mkakati wa taifa. Kinachotuumiza ni kwamba kitabu kimoja kinalipiwa sawa na kifurushi chochote kidogo, na nauli inaweza kufika theluthi ya bei. Tunaliomba Shirika la Posta Tanzania likae nasi tupange kiwango maalumu cha vitabu, chenye muda wa kufika unaojulikana. Posta ina ofisi wilayani ambako mabasi yenye ofisi za vifurushi hayafiki.

Kwa nakala za simu, wanachama waziuze wenyewe kwa bei isiyozidi theluthi ya bei ya jalada, zikiwa zimeandikwa jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa. Alama hiyo haizuii wizi. Inampa mtu sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kuirusha kundini ikiwa na jina lake. Kwa viongozi wa makundi ya wasomaji ombi letu ni dogo: mkiona kitabu cha mwandishi aliye hai kimerushwa, kifuteni na wekeni namba yake ya simu. Wengi wetu tumeiandika ndani ya jalada.

Majukwaa ya nje tunayatumia, na Mswahili aliyeko Muscat, London au Minneapolis anastahili kufikiwa kwa njia anayoijua. Lakini mwanachama ajue hesabu yake kabla hajajisifu kwamba yuko Amazon. Mgawo wa asilimia 70 huko ni kwa kitabu cha kielektroniki chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99, chini ya hapo ni asilimia 35. Kitabu cha dola 2, bei ambayo msomaji wetu wa kawaida angeiona ya haki, kinampa mwandishi senti 70, na kwa mauzo ya ndani ya Marekani serikali ya huko inakata asilimia 30 ya hizo, kwa kuwa Tanzania haina nayo mkataba wa kodi. Zinabaki senti 49. Ni dirisha la wasomaji wa mbali, na lichukuliwe hivyo.

Namba, mkataba na faili

Umezuka mtindo wa watu wanaojiita wachapishaji lakini fedha yote ni ya mwandishi. Wanapokea malipo ya uhariri, usanifu, uchapaji, “masoko na usambazaji”, na mwandishi anakabidhiwa maboksi sebuleni kwake. Huko ndiko usambazaji ulikoishia. Huduma ya kulipia si dhambi; wapo wanaoifanya kwa uadilifu, na mwandishi asiyejua kupanga kurasa anawahitaji. Ila kabla ya kulipa, mwanachama ataje mambo matatu na yaandikwe.

Kwanza, ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, isajiliwe kwa jina la nani? Kwa Tanzania namba hizi hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na mwandishi anayejichapishia anaweza kuziomba mwenyewe. Ukitumia namba ya mwingine, huyo mwingine ndiye mchapishaji wako katika kumbukumbu za dunia, na maswali ya kuagiza kitabu yatakwenda kwake. Kubuni namba ni upuuzi mkubwa zaidi: tangu 2007 ISBN ina tarakimu 13, nyingi za kwetu huanza na 978-9976 au 978-9987, na ile ya mwisho hupatikana kwa kuzikokotoa 12 za mwanzo. Namba ya kubuni kwa kawaida huumbuka mara inapoingizwa kwenye kompyuta ya duka au maktaba.

Pili, faili halisi la mpangilio na la jalada ni la nani? Mwandishi aliyepewa vitabu bila faili hana njia ya kurekebisha makosa wala kuchapa tena kwingine. Amefungwa kwa yule yule na kwa bei yake. Tatu, neno “masoko” lina maana gani katika mkataba huo: redio ipi, maduka mangapi, kwa tarehe zipi. Mtoa huduma asipoweza kujibu, kipengele hicho kifutwe pamoja na bei yake.

Kuna na upande wetu. Kitabu kisichopita kwa mhariri mwingine asiyekuwa mwandishi mwenyewe hakitawekwa kwenye meza ya chama, si Sabasaba wala kwingineko. Mke, kaka na mwalimu wa zamani si wahariri, labda iwe ndiyo kazi yao. Jalada lisiibwe kwenye filamu ya watu. Sifa za nyuma ya kitabu ziwe za mtu aliyekisoma, na asilipwe kwa kusifu. Mhariri na msanifu walipwe kwa wakati, maana mwandishi anayelalamikia mali kauli huku msanifu wake anamngoja toka mwaka jana hatumtaki mstari wa mbele.

Kwa taasisi na vyombo vya habari

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa 13 Aprili 2023, imeleta heshima na fedha katika kazi iliyokuwa haina vyote viwili, na tunaiunga mkono. Inashindanisha miswada. Tunaomba kifikiriwe kipengele cha kitabu kilichokwisha kuchapwa na mwandishi wake mwenyewe, chenye masharti makali ya uhariri kadiri itakavyoonekana. Zawadi tunayoipenda zaidi ya fedha taslimu ni kununuliwa nakala za kupelekwa maktaba.

Bodi ya Huduma za Maktaba tunaiomba itenge siku moja kila robo mwaka ambapo mwandishi anaweza kuleta kitabu, kikasomwa na kujibiwa kwa maandishi ndiyo au hapana. Nakala za kisheria tutaendelea kuziwasilisha bila malipo kama inavyotakiwa. Za kusomwa na umma zinunuliwe, hata mbili kwa mkoa. Shule tunaziomba zitofautishe kitabu cha kiada, ambacho kina njia yake kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, na riwaya ya kusomwa maktabani kwa kujifurahisha.

Wahariri wa magazeti na watangazaji wa redio, hatuombi kusifiwa. Tunaomba uhakiki, hata ule wa kutuchana, mradi aliyeuandika amefika ukurasa wa mwisho. Na mwandishi akialikwa studio asiulizwe tu changamoto anazopitia. Aulizwe kitabu kinahusu nini, kinauzwa shilingi ngapi na kinapatikana wapi.

Tarehe 7 Julai ni Sabasaba na pia ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoidhinishwa na UNESCO mwaka 2021. Chama kitakuwa na banda moja la pamoja katika viwanja vya Barabara ya Kilwa kwa muda wote wa maonyesho. Kila mwanachama ataleta nakala zisizozidi ishirini kwa kitabu, zikiwa na bei nyuma. Mauzo yatafanyiwa hesabu kila jioni kabla ya banda kufungwa, na kila mwandishi atalipwa fedha zake usiku huo huo. Hati ya mali kauli itapatikana hapo hapo kwa mwenye duka yeyote atakayependa kuisoma kabla ya kutia sahihi.

Imetolewa Dar es Salaam na Kamati ya Utendaji, kwa idhini ya Mkutano Mkuu.